Ua la mama, na mbegu nilizoziua njiani

Mbegu za kwanza za Crinum, ua linalomea kutoka kwenye tunguu la chini ya udongo kama kitunguu, nilizopata maishani zilikuwa 14, na 13 kati ya hizo niliziua kwa kuzikausha. Nilizitandaza kwenye sinia, nikazianika juani siku tisa, nikawa nazigeuza asubuhi na jioni kama nilivyozoea kufanya kwa mbegu za mboga, kisha nikazifunga kwenye chupa yenye mfuniko. Nilipozipokea zilikuwa kubwa, za kijani, kila moja na umbo lake kama vijiwe vya mtoni, na zilikuwa nzito kiganjani. Wiki sita baadaye nilipofungua chupa zilikuwa nyepesi na zimekunjamana. Nilizipanda hivyohivyo nikazimwagilia miezi miwili. Haikuota hata moja.

Moja ilikuwa imesahaulika ndani ya bahasha iliyokuja nazo, nyuma ya vitabu. Nilipoikuta ilikuwa imetoa kitu cheupe, kinene, kilichopinda kuelekea chini kikitafuta pa kuingilia. Haikuwa imepewa udongo, wala tone la maji, wala mwanga. Ile niliyoisahau ndiyo iliyokuwa hai, na zile nilizozihangaikia zilikuwa zimekufa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sijui ninachokifanya, na kwamba nikiendelea hivyo nitaziua na zile nilizokuwa naziogopea zaidi, mbegu za ua la mama.

Mama ana ua jekundu la Hippeastrum alilolitunza tangu mimi sijaanza shule. Miaka ya karibuni majani yake yalianza kutoka na michirizi ya njano na kijani kilichofifia, mashina yakafupika, na maua yakapungua kutoka manne kwa shina hadi mawili. Nilidhani ni njaa. Nikabadilisha udongo, nikaongeza mbolea, nikalisogeza penye mwanga. Mtaalamu wa mimea aliyeliona alinieleza kwamba ni virusi vya mozaiki. Vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, huvihamisha, na kisu kinachokata jani la mmea mmoja na kwenda kwa mwingine bila kusafishwa huvihamisha pia. Mmea ukishaambukizwa hauponi, na kuligawa tunguu lake ni kugawa na ugonjwa. Lakini, akasema, virusi hivi kwa kawaida havipiti kwenye mbegu.

Hilo ndilo lililoniingiza kwenye kazi hii ya kuotesha maua ya matunguu kwa mbegu. Nazungumzia yale yasiyohimili jalidi: Hippeastrum, Crinum, Clivia, Nerine, Gloriosa na mengine ya namna hiyo. Clivia haina tunguu halisi, ina mizizi minene inayoweka akiba, na Gloriosa ina kiazi, lakini wanaootesha hili huishia kuotesha na lile, na mimi ikawa hivyo. Niliagiza mbegu za aina tano ili nijifunzie juu yake wakati ua la mama linapevusha mbegu zake. Fedha nyingi ya mwaka ule wa kwanza ilipotea. Natamani ningeyasoma haya kabla.

Kosa lililobeba makosa yangu mengine yote lilikuwa kudhani kwamba mbegu ni mbegu. Katika jamii hii ya mimea kuna makundi mawili ambayo hayafanani hata kidogo. La kwanza ni la mbegu kavu: nyeusi, bapa, nyepesi kama karatasi iliyoungua, ambazo upepo huzipeperusha ganda likipasuka. Hippeastrum ni hizo, na Cyrtanthus nyingi, na Zephyranthes. La pili ni la mbegu zenye nyama: mviringo, zimejaa maji, nyingine za kijani, nyingine za rangi ya maziwa. Crinum, Nerine, Haemanthus, Scadoxus na Clivia ziko huku. Mbegu hizi hazina usingizi. Zikiiva zinataka kuanza maisha palepale, na maji zinayoyahitaji zimeyabeba ndani. Kuzikausha ni kuzinyang'anya maji hayo. Mbegu ya Crinum hata ganda halisi la kuilinda haina. Kuna Crinum ya ufukweni, Crinum asiaticum, ambayo mbegu yake ina tabaka kama la kizibo na huelea baharini hadi ufukwe mwingine, ikaotea huko. Lakini hata hiyo ukiiweka kwenye chupa kavu unaimaliza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolifanya siku hizi nikipokea mbegu nisiyoijua ni kuishika. Nzito na laini kidogo chini ya ukucha? Inapandwa leo, si kesho. Nyepesi na kavu? Naweza kusubiri, ingawa si sana. Mbegu za Hippeastrum hupoteza nguvu upesi, na mimi siziweki zaidi ya miezi michache, tena ndani ya bahasha ya karatasi mahali penye baridi.

Jina nalo linadanganya. Pakiti moja iliandikwa "amarilisi" tu. Watu wengi huliita Hippeastrum kwa jina hilo, kwa sababu mimea hiyo ya Amerika ya Kusini iliwahi kuwekwa pamoja na Amaryllis hadi William Herbert alipoipa jina lake la Hippeastrum mwaka 1821. Amaryllis yenyewe, ile ya Rasi ya Afrika Kusini, ina mbegu zenye nyama na hukua majira ya baridi yenye mvua. Ni mimea miwili inayotaka mambo yanayopingana kabisa, ndani ya jina moja la dukani. Muulize anayekuuzia jina kamili la kisayansi. Akishindwa kulitaja, usinunue.

Na muulize pia mbegu zilivunwa lini na atazifunga na nini. Nerine nilizoagiza zilikaa njiani wiki saba ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa. Zilikuwa zimeota humo, zikakosa hewa, zikaoza. Nilipofungua, harufu ilinifikia kabla ya kuziona. Mbegu zenye nyama zinasafiri vizuri kwenye karatasi au kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa yenye unyevu kidogo sana, na zitumwe siku chache baada ya kuchumwa. Kama zinavuka mpaka wa nchi, ulizia kwanza masharti ya karantini ya mimea, maana mzigo ukizuiliwa wiki tatu mbegu hizi hazikungojei.

Ile Crinum ya kwenye bahasha niliilaza juu ya udongo bila kuifukia, nusu yake ikiwa wazi. Kile cheupe nilichokiona ni mrija unaochimba. Unashuka, na ncha yake, ambayo imebeba kiini cha mmea, ndiyo inayovimba kuwa tunguu huko chini, wakati mbegu imebaki juu ikiulisha. Jani la kwanza lilitokeza sentimita kadhaa mbali na mbegu, na mimi nilikuwa natazama mbegu kila siku nikidhani hakuna kinachotokea. Usiivute mbegu ili kuangalia. Ikisinyaa yenyewe ujue imemaliza kazi.

Kisha zikaiva mbegu za mama.

Nilikuwa nimelichavusha ua lake mwenyewe kwa brashi ndogo safi, chavua ya ua moja nikaipaka kwenye ncha ya jike ya ua la pili la shina lilelile. Kwa yale ya bustani yaliyochanganywa damu hilo kwa kawaida hukubali. Spishi nyingi za porini hazijichavushi hata ukijaribu mwaka mzima. Zinataka chavua ya mmea mwingine usiotokana na tunguu hilohilo. Ganda lilivimba, likawa na vyumba vitatu, na baada ya wiki tano likageuka njano na kuanza kupasuka. Hapo ndipo pa kulikata. Mtu akilivuna bado la kijani anapata mbegu changa, na akichelewa siku mbili anaziokota sakafuni.

Ndani mlikuwa na mbegu nyingi kupita nilivyotarajia, lakini nyingi zilikuwa makapi. Kuzitambua ni rahisi: shika mbegu dhidi ya mwanga wa dirisha. Yenye kiinitete ina uvimbe mdogo katikati kama punje iliyofichwa kati ya karatasi mbili. Isiyo nacho ni bapa mpaka katikati. Nilihesabu 70 zilizojaa. Kwa woga wa yaliyotokea kwenye Crinum nilizigawa. Nikaotesha 40, nikaweka 30. Uamuzi huo ndio ulioliokoa ua lile.

Mbegu za Hippeastrum huoteshwa vizuri kwa kuziacha zielee juu ya maji. Unatia maji kwenye bakuli pana, unazimwaga juu, unaweka mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 25, na unabadilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Siku ya kumi na mbili nikaona mzizi wa kwanza. Ndani ya wiki tatu zilikuwa zimeota 37. Nilimwita mama kwa simu nikamwambia 37, naye akarudia namba hiyo polepole kama mtu anayehesabu fedha.

Nilipaswa kuzihamisha mizizi ikiwa na urefu wa ukucha. Niliziacha mpaka ikawa mirefu, na niliposhika kuziatika nyingine zikakatika. Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi. Niliziweka kwenye mboji tupu, tajiri, nyeusi, nikifikiri nawapa watoto chakula kizuri, nikazifunika kwa plastiki angavu ili unyevu usitoke, nikazinyunyizia kila asubuhi. Wiki ya pili miche ikaanza kulala. Unaukuta mche umeanguka, shingo yake imekuwa nyembamba kama uzi na imelainika pale inapogusana na udongo. Hiyo ni kinyausi, fangasi wa udongo wenye majimaji na hewa iliyosimama. Kila asubuhi nilikuta mingine imelala. Ilipokoma ilikuwa imebaki 11.

Sikumwambia mama kwa siku nyingi. Aliponiuliza nilimjibu tu kwamba inaendelea.

Zile 30 nilizozihifadhi nilizifanya tofauti kabisa. Udongo nusu, mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa nusu, na juu kabisa tabaka la mchanga mtupu, unene wa kidole, ili shingo ya mche ikae pakavu wakati mizizi iko penye unyevu. Vyungu vilivyooshwa kwa maji ya moto. Maji nilitia kwenye sahani chini ya chungu, udongo ukayavuta wenyewe, yaliyobaki nikayamwaga baada ya nusu saa. Hakuna plastiki, dirisha liko wazi mchana. Mbolea hakuna mpaka jani la pili litoke, halafu ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ziliota 26, na mwezi wa tatu nilikuwa bado na miche 24. Ukichukua jambo moja tu hapa, chukua lile tabaka la mchanga. Pia linawazuia wale vijinzi vidogo vyeusi wanaotaga kwenye mboji yenye unyevu, ambao viluwiluwi vyao hula mizizi laini.

Gloriosa ilikuwa ikiendelea pembeni, na huko nilifanya makosa ya aina nyingine. Mbegu zake ni za mviringo, zimefunikwa ngozi nyekundu, ngumu, na hazina haraka. Nilizibandua ngozi, nikaziloweka siku nzima kwenye maji ya vuguvugu, nikazisia. Mwezi ukapita. Nikaanza kuchimbua kwa kidole kuona kama kuna kitu, na mara ya tatu nikasikia kitu kikikatika chini ya kucha. Kilikuwa kichipukizi. Gloriosa haisamehe hilo: kiazi chake kina jicho moja tu kwenye kila ncha, na likivunjika kiazi hicho hakitoi jingine. Baadhi ya mbegu ziliota wiki ya tano, nyingine baada ya miezi mitatu, kutoka pakiti moja, chungu kimoja. Tangu hapo chungu cha Gloriosa nakiandikia tarehe na sikigusi kwa miezi sita.

Kuna jambo jingine kuhusu Gloriosa ambalo nalieleza bila kulipunguza. Mwaka wa pili nilivitoa viazi vyake vikiwa vimelala, nikaviweka kwenye kikapu jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Mgeni wetu, mama mtu mzima, aliamka mapema akaamua kutusaidia kazi. Nilimkuta ameshika kimoja na kisu, ameshakimenya nusu. Mmea huo wote, na kiazi zaidi, una kolchisini. Ni sumu ileile ambayo kwa kipimo kidogo sana hutengenezwa dawa ya jongo, na hufanya kazi kwa kuzuia seli zisigawanyike. Watu wamekufa kwa kukidhania kiazi cha kula, na wagonjwa wa aina hiyo hospitali hazina njia rahisi ya kuwaokoa. Nilimnyang'anya kisu bila hata salamu, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake ni utovu wa adabu, kisha nikamwomba radhi huku mikono ikinitetemeka. Matunguu ya jamii ya Hippeastrum, Crinum na Clivia nayo yana sumu ya likorini, inayotapisha. Kila kitu cha kulala sasa kiko kwenye sanduku lenye kufuli, limeandikwa SUMU kwa herufi kubwa, na haliingii jikoni. Kama una watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, Gloriosa ingoje miaka michache.

Narudi kwenye miche ya mama. Ilipofika miezi minane nilikuwa nayo 35 kwa jumla, kila mmoja na majani mawili au matatu na tunguu la ukubwa wa harage. Nikasoma mahali kwamba matunguu lazima yapumzishwe: acha kumwagilia, majani yakauke, yalale miezi miwili mitatu. Nikatii. Nilipoyaamsha, 16 hayakuamka. Nilibonyeza moja likabonyea kama puto lililoisha hewa.

Maelezo yale yalikuwa ya tunguu pevu, lenye akiba ya kutosha kulala njaa. Tunguu la mwaka wa kwanza halina akiba hiyo. Kinachojenga tunguu ni majani, na kila wiki mche unayokaa na jani la kijani ni wiki ya kunenepa. Kwa Hippeastrum sasa siruhusu miche ilale hata siku moja kabla ya kufika angalau miaka miwili. Napunguza maji wakati wa baridi, basi. Clivia, yenyewe ni ya kivuli cha misitu ya mashariki mwa Afrika Kusini, ni ya kijani mwaka mzima na hailazwi kabisa, changa wala pevu.

Na woga huo ukaniponza upande wa pili. Nilikuwa na Lachenalia, matunguu madogo ya Rasi, yaliyokuwa yameota vizuri sana. Majani yalipoanza kugeuka njano nilikumbuka yale 16, nikaongeza maji. Yakazidi kuwa njano, nikazidi kumwagilia. Nilipochimba kulikuwa na uji. Yale yalikuwa yanalala kwa hiari yao, saa yao ilikuwa imefika.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta kanuni ya matunguu kwa ujumla na kuanza kuuliza swali moja kwa kila mmea kabla hata ya kufungua pakiti: mvua ya kwao hunyesha lini? Lachenalia na Nerine sarniensis ni za magharibi mwa Rasi, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi ni kikavu. Basi husiwa hali ya hewa inapoanza kupoa, hukua baridini, hupenda usiku wa nyuzi 10 hivi, na joto likija hulala. Hippeastrum za Brazili, Bolivia na Peru nyingi hunyeshewa wakati wa joto. Scadoxus multiflorus ya Afrika hutoa ua lake la duara jekundu mvua zinapoanza, na mbegu zake huanguka ardhi ikiwa bado na unyevu, ndiyo maana ina nyama na haina subira. Mbegu kavu inaweza kungoja, mbegu ya nyama inaanguka penye mvua. Nilipoliona hilo, mambo niliyokuwa nayakariri moja moja yakawa kitu kimoja. Nikasikitika pia, kwa sababu swali hilo lingejibiwa kwa dakika tano kabla sijaua chochote.

Nyumbani kwangu usiku hauna baridi ya kutosha kwa matunguu ya Rasi. Nilijaribu Nerine mara mbili zaidi, zikaota, zikatoa majani dhaifu, zikadumaa. Nimeziacha. Mtu mwenye usiku wa baridi isiyofika jalidi atazifurahia kuliko mimi, na yeye huenda asiweze Gloriosa bila banda lenye joto. Chagua ule ambao mvua ya kwao inafanana na unachoweza kuupa.

Mambo madogo niliyoyalipia: Vibao vya majina niliviandika kwa kalamu ya wino, jua likafuta wino, na trei mbili zikachanganyika; zipo Zephyranthes kwangu ambazo mpaka leo sijui ni zipi. Penseli ya kawaida juu ya plastiki haifutiki. Miche iliyolelewa ndani usiitoe kwenye jua la mchana siku moja. Majani yangu yaliungua mabaka meupe, nikapoteza msimu. Vidung'ata, wadudu wadogo, hujificha ndani kabisa ya shingo ya tunguu, na pamba yenye spiriti huwamaliza ukiwawahi. Na tumia vyungu virefu. Nilipanda matunguu yangu yakiwa yamechomoza juu ya udongo, mwaka uliofuata nikadhani yamesinyaa, kumbe yamezama: mizizi yake hujikunja kama springi na kulivuta tunguu chini mpaka kina linachokipenda.

Nafasi ndiyo gharama ambayo hakuna aliyenionya. Mbegu 70 zinakaa kwenye kiganja. Miche 19 ya miaka mitatu, kila mmoja na chungu chake na majani ya urefu wa mkono, ilichukua dirisha lote la sebuleni, kisha la chumbani. Wa nyumbani kwangu walivumilia. Nilikuwa nasafiri siku nne tu kwa safari moja, kwa sababu siku ya tano lazima mtu amwagilie.

Na ua la mama lenyewe? Vidukari vikitoka kwake kuja kwa miche, kazi yote ni bure, kwa hiyo ua hilo na miche nitakayompelekea havikuweza kukaa nyumba moja. Mara tu mbegu zilipoiva nilipaswa kumwambia mama aliteketeze. Nilimpa miezi. Hakuuliza sababu mara ya pili, alisema tu nije siku ambayo yeye hayupo. Nililichoma mwenyewe na udongo wake, na chungu chake nikakiosha kwa dawa ya kufulia, nikamrudishia kitupu. Alikiweka palepale kilipokuwa.

Mwaka wa nne, matatu kati ya 19 yalitoa mashina. Nilijua tangu mwanzo kwamba hayatakuwa ua lilelile. Lile lilikuwa la damu mchanganyiko, na mbegu zake huzikoroga upya sifa za mababu wote. La kwanza lilifunguka jekundu la tofali, petali nyembamba. La pili lilikuwa na koo la kijani na mstari mweupe katikati ya kila petali. La tatu lilikaribia sana, ila lilikuwa jekundu lenye giza kuliko nilivyolikumbuka. Majani yote matatu yalikuwa ya kijani kimoja, safi, bila mchirizi.

Niliyabeba yote matatu kwa mama, pamoja na chungu kimoja ambacho hakijatoa shina, nilichokuwa nimekichukua ili kusawazisha sanduku lisipinduke garini. Aliyatazama muda mrefu. Aligusa lile la giza, akanusa, akasema ni zuri sana. Kisha akakivuta kile kisicho na ua.

"Hiki, mwanangu," alisema. "Majani yake yanainama kama ya lile. Niachie hiki."

Nilimwambia huenda kikachukua mwaka mwingine, au miwili. Alikuwa ameshasimama kwenda kukitafutia maji, na nikamwonyesha jinsi ya kuyatia kwenye sahani.